Betri kuingia kwenye tochi sio kufaa: somo kwa wauza tochi mtandaoni

Somo la leo ni letu sisi tunaouza tochi, redio ndogo na vitu vingine vya betri kupitia WhatsApp, Instagram na Facebook. Mimi nauzia hapa Morogoro Mjini, na swali linalokuja sana inboksi ni hili: "Kaka, una betri za kuchaji za hii tochi?"

Swali linaonekana jepesi. Ila ukijibu haraka "zipo boss, karibu", unaweza kuunguza tochi ya mteja na kupoteza hela na jina kwa mpigo mmoja. Twende taratibu.

"Betri ya kuchaji" ni vitu vitatu tofauti

Chukua betri ya AA, ile tunayoweka kwenye saa ya ukutani. Ya kawaida isiyochajiwa ina volti 1.5. Sasa sokoni kuna betri za kuchaji zenye umbo hilohilo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha:

1. Ya NiMH, volti 1.2. Hii ndiyo mbadala wa kawaida wa AA. Tochi nyingi za AA zinaipokea bila shida.

2. Ya lithiamu iliyoandikwa 14500, volti 3.7. Ikijaa inafika volti 4.2. Namba 14500 ni vipimo tu: upana milimita 14, urefu milimita 50. Ndiyo maana inaingia kwenye nafasi ya AA kama imezaliwa humo.

3. Ya lithiamu iliyoandikwa volti 1.5. Hii ina saketi ndogo ndani inayoshusha umeme, na nyingi zina tundu la USB la kuchajia.

Mtego uko kwenye namba mbili. Umbo ni la AA, lakini umeme wake ukijaa ni karibu mara tatu ya AA.

Ndani ya tochi kunatokea nini?

Taa nyeupe ya LED inahitaji kama volti 3 ili iwake vizuri. Tochi ya betri moja ya AA ina saketi ya kupandisha umeme kutoka 1.5 mpaka pale taa inapotaka. Saketi hiyo imetengenezwa kupandisha tu, sio kushusha. Ukiweka 14500 yenye volti 4.2, umeme unapita moja kwa moja mpaka kwenye taa bila wa kuuzuia. Tochi itawaka kwa mwanga mkali ajabu, mteja atafurahi, atakutumia na video. Baada ya dakika chache mwili wa tochi unakuwa moto, kisha taa inageuka rangi ya bluu, inafifia au inakufa kabisa.

Tochi ya betri mbili za AA ni mbaya zaidi. Ilipangiwa volti 3. Ukiweka 14500 mbili zilizojaa unaipa 8.4. Hapo hata dakika huhesabu.

Kwa hiyo mteja akikwambia "nimeweka inawaka fresh kabisa", hiyo sio ushahidi kwamba betri inafaa. Kuwaka kwa dakika tano na kufaa ni vitu viwili.

Utajuaje tochi inakubali ipi?

Soma boksi, mwili wa tochi au karatasi ya ndani. Tafuta maneno haya:

- "AA / 14500", au kiwango kama "0.9–4.2V": inapokea zote mbili.
- "AA 1.5V" peke yake: usiweke 14500.
- Hakuna kilichoandikwa: ichukulie ni ya volti 1.5 tu. Usibahatishe na mali ya mtu.

Halafu kuna tochi zinazopokea 14500 lakini hazina ulinzi wa kuzima betri ikiisha. Betri ya lithiamu haitakiwi kunyonywa mpaka mwisho. Ikishuka chini ya kama volti 2.5 inaharibika ndani, na kuichaji tena baada ya hapo ni hatari. Mwambie mteja: mwanga ukianza kufifia, zima na uchaji, usisubiri giza. Au muuzie 14500 yenye kinga, ambayo ina kisaketi mwishoni. Angalizo: yenye kinga huwa ndefu kidogo, kwa hiyo pima kwanza kama mfuniko wa nyuma unafunga.

Chaja nayo ina kwake

Chaja ya NiMH sio chaja ya lithiamu. Ya lithiamu inatakiwa isimame yenyewe ikifika volti 4.2. Kuna watu wanaunga waya za chaja ya simu yenye volti 5 moja kwa moja kwenye betri. Mkataze mteja wako kabisa. Na asiache betri inachaji juu ya godoro au akiwa amelala. Betri ikivimba, ikichubuka ganda lake au ikitoa harufu kali, matumizi yake yameisha. Isitobolewe wala kutupwa kwenye moto.

Namba za uongo kwenye ganda

14500 ya kweli ina uwezo wa kama mAh 700 mpaka 1,000. Ndugu yake mkubwa, 18650, zile nene tunazoziona kwenye betri za laptop, nzuri zake zinacheza kwenye mAh 2,000 mpaka 3,500. Ukikuta ganda limeandikwa 9,900, ujue ni rangi tu. Usiinakili namba hiyo kwenye posti yako, maana mteja hatamtafuta aliyetengeneza, atakutafuta wewe.

Tupige hesabu ya hasara

Chukulia tochi umeinunua 8,500 na unaiuza 12,000. Faida 3,500. Mteja wa Ifakara anaunguza kwa sababu ulimwambia betri yoyote ya kuchaji inafaa. Unamtumia nyingine: 8,500 ya tochi, na tuseme 3,000 ya kutuma kwa basi kutoka Msamvu. Umepokea 12,000, umetoa 20,000. Hasara 8,000. Utauza tochi tatu nyingine ndio uzibe hilo shimo na kubaki na 2,500 mkononi. Hapo hatujahesabu maneno yatakayoandikwa chini ya posti yako.

Na hiyo ni hela tu. Wateja wa tochi huku kwetu wanaitegemea kazini. Mkulima wa Mgeta anapakia mboga usiku ili ziwahi soko la asubuhi mjini. Mlinzi Kihonda ana zamu mpaka kunakucha. Tochi ikifa katikati ya mteremko wa Uluguru, huyo mtu hayuko mahali pa kukupigia simu akulalamikie.

Sheria nayo ipo. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akikueleza anataka kitu kwa kazi gani na akategemea utaalamu wako kama muuzaji wa bidhaa hizo, kitu hicho kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. "Mimi nauza tu, sijui" sio jibu la kujivunia.

Jibu hivi inboksi

Mteja: "Kaka una betri za kuchaji za hii tochi?"

Wewe: "Zipo dada yangu. Naomba picha ya maandishi yaliyo kwenye tochi au boksi, nijue ni ya volti ngapi. Na je, una chaja tayari? Nipigie picha na yenyewe."

Picha mbili hizo zinakuokoa. Kama chaja ni ya NiMH na tochi ni ya 1.5, muuzie NiMH. Hana chaja na tochi inakubali 14500? Muuzie seti: betri na chaja yake. Umeongeza mauzo kwa njia ya halali na mteja yuko salama.

Posti yako iandike hivi

"Tochi ndogo, betri moja ya AA. Inatumia AA ya kawaida ya volti 1.5 au ya kuchaji ya volti 1.2. HAITUMII 14500 ya volti 3.7 hata kama inaingia. Betri haimo kwenye bei."

Mistari minne tu. Mteja akirudi na malalamiko, una maandishi ya kumwonyesha kwa upole.

Kabla hujafunga mzigo

- Toa betri kwenye tochi, isije ikajiwasha njiani.
- Betri za lithiamu zibandike selotepu kwenye ncha zote mbili, au ziweke kwenye kiboksi chake cha plastiki. Zikigusana na funguo au sarafu zinapiga shoti na kupata moto.
- Betri za lithiamu na AA za kawaida usizichanganye kwenye mfuko mmoja, hata stoo. Mtoto wa dukani atachukua yoyote, na saa ya ukutani ya mtu itaungua.
- Ukituma kwa basi, waambie wanaopokea vifurushi kwamba ndani kuna betri.

Kazi ya leo: fungua posti yako ya tochi iliyo juu kabisa. Kama haina neno "volti", ihariri sasa hivi kabla hujapokea oda nyingine. Una tochi dukani na huelewi maandishi yake? Weka picha kwenye maoni hapa chini, tusaidiane kuisoma. Mtumie na mwenzako anayeuza tochi.