Somo kwa Walezi: Funika, Usitangaze



Somo hili ni la walezi wa vijana, makatekista, walimu wa dini na viongozi wa VIWAWA na TYCS. Leo siongei na vijana moja kwa moja, naongea na sisi tunaowafundisha. Kuanzia Ngarenaro hadi Usa River wazazi wanatuomba: "Tusaidieni, watoto wetu na hizi simu!" Ni ombi zuri. Ila kabla hatujasimama mbele ya vijana kuwafundisha kutunza mambo yao mtandaoni, tujiulize kwanza: simu ya mlezi mwenyewe ikoje?

Soma kwanza: Mwanzo 9:20-23 na Mathayo 1:18-25.

1. Kosa langu

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mlezi wa vijana katika parokia moja hapa Arusha. Usiku mmoja binti wa kidato cha pili akaniandikia ujumbe mrefu WhatsApp. Baba ameondoka nyumbani, mama anashinda analia, ada haijalipwa. Mwisho akaandika, "Dada, naomba usimwambie mtu."

Sikujua nimjibu nini. Nikapiga skrinishoti, nikaituma kwenye grupu la walezi nikiomba ushauri. Nia yangu ilikuwa njema. Lakini jina lake na picha yake vilionekana pale juu kabisa. Mlezi mmoja akamtumia mke wake, mke akamtumia jirani. Jumapili watu wakawa wanamtazama yule binti kwa macho ya huruma, naye akaelewa. Hakunigombeza. Aliacha tu kuja.

Nilimfuata nyumbani, nikaomba msamaha kwake na kwa mama yake. Walinisamehe. Lakini hajawahi tena kuniambia jambo la moyoni. Na kinachouma zaidi: wiki ile ile nilikuwa nimewafundisha vijana wafikiri kabla ya kuposti.

2. Neno la Mungu linasemaje?

Nuhu alilewa, akalala uchi hemani mwake. Hamu akaona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Shemu na Yafethi wakachukua vazi, wakaingia wakitembea kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama.

Angalia vizuri: Hamu hakusema uongo. Alichosema ni kweli tupu. Kosa lake ni kutoa nje kilichokuwa ndani ya hema. Hata skrinishoti yangu haikuwa na uongo. Kwa hiyo tukimfundisha kijana kwamba dhambi ya mtandaoni ni uongo na matusi tu, tumemfundisha nusu. Jambo linaweza kuwa kweli na bado si haki yangu kulitangaza.

Halafu mtazame Mtakatifu Yosefu. Kabla malaika hajamweleza chochote, aliamua kutomwaibisha Maria hadharani. Injili inamwita mwenye haki. Haki yake ilionekana katika jambo ambalo hakulitangaza.

3. Kanisa na sheria ya nchi

Katekisimu (namba 2489) inafundisha kwamba hatudaiwi kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Namba 2492 inatutaka tuwe na kiasi kuhusu maisha binafsi ya watu. Sheria ya Kanisa nayo, kanuni ya 220, inakataza kuharibu jina jema la mtu na kuvunja haki yake ya faragha. Kwa hiyo faragha si mambo ya wazungu wala ya kompyuta.

Nchi yetu pia ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ndani yake taarifa za watoto zimewekwa katika kundi la taarifa nyeti. Wengi wetu tunadhani hiyo inahusu mabenki na kampuni za simu. Hapana! Orodha ya watoto wa Kipaimara ni taarifa za watoto.

Sisi wa Arusha tunajua sana habari ya picha. Mtalii akimpiga mtoto wetu picha barabarani bila kuomba, tunakasirika, na tuna haki. Lakini Jumapili hiyo hiyo tunapiga picha za Utoto Mtakatifu, tunaweka stetasi na majina yao, na hakuna aliyewauliza wazazi. Tofauti iko wapi?

4. Mlezi ajifunze nini kabla ya kufundisha?

Kuomba ruhusa. Picha ya mtoto haiendi popote kabla mzazi hajakubali, na mtoto mwenyewe aulizwe. Akisema hapana, isiwe ugomvi. Mtoto aliyeheshimiwa anapokataa kwa mlezi wake atajua kukataa kwa mtu mbaya pia.

Kuomba ushauri bila kumtaja mtu. Ningeweza kumpigia mlezi mmoja mwenye uzoefu na kusema, "Kuna kijana ana shida nyumbani, nifanyeje?" Basi. Jina halikuhitajika.

Kutunza orodha. Tapeli anayempigia mzazi na kusema, "Mwanao ameanguka shuleni, tuma hela ya matibabu haraka," anahitaji vitu vitatu tu: jina la mtoto, jina la shule na namba ya mzazi. Vyote vipo kwenye orodha tunazorusha kwenye magrupu. Orodha ikae kwa katekista. Na ukipata ujumbe wa kitapeli, utume kwenda 15040.

Kufunga simu yako. Weka namba ya siri. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp. Ile namba ya tarakimu sita inayokuja kwa meseji usimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni paroko. Fanya hivi wewe kwanza, ndipo uwaelekeze vijana hatua kwa hatua, kila mmoja na simu yake mkononi.

5. Siri isiyofaa kufichwa

Hapa tuwe makini sana. Kufunika siyo kuficha uovu. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa angalau asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti Tanzania walifanyiwa ukatili wa kingono mtandaoni ndani ya mwaka mmoja. Inawezekana mmoja wao yuko kwenye kwaya yako.

Kijana akikuambia kuna mtu anamtishia kwa picha, au anaumizwa, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie hivi: "Sitakutangaza. Lakini nitamwambia mtu anayeweza kukulinda, na nitakujulisha ni nani." Usimgombeze. Mwambie asimlipe anayemtishia na asifute ujumbe, maana ni ushahidi. Ile picha usiitume kwa mtu yeyote, ibaki ilipo. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au pigeni 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

6. Utulivu wa moyo

Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta kweli kweli, lakini alijiwekea saa moja tu kwa wiki ya kucheza michezo yake. Sisi je? Mlezi anayetuma matangazo kwenye grupu la vijana saa tano usiku anawafundisha kukesha na simu, hata kama mdomoni anasema walale. Kubalianeni grupu linyamaze kuanzia saa tatu usiku. Tangazo litasubiri asubuhi.

Maswali ya kujadili

1. Ni jambo gani la kweli nimewahi kulitangaza ambalo halikuwa langu?
2. Kijana akiniamini leo, simu yangu itamlinda au itamtoa nje ya hema?
3. Parokiani kwetu, orodha na picha za watoto ziko mikononi mwa nani?

Azimio la wiki

Fungua simu yako leo. Futa skrinishoti moja na picha moja ambazo hukuwa na ruhusa ya kuzituma. Na kama kuna mtu uliyemwanika, usimwandikie ujumbe. Mfuate, umwombe msamaha ana kwa ana.

Tusali

Ee Mungu Baba, unayeona sirini, utusamehe sisi tuliowatoa nje wale waliotukimbilia. Utupe moyo wa Yosefu, tujue la kusema, la kunyamazia, na mtu wa kuambiwa. Uwalinde vijana wetu, nasi utufanye tustahili kuaminiwa nao tena. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefu, utuombee.