Rejeta ya gari kwenye pawatila

Swali: Pawatila yangu inachemka nikilima majaruba. Fundi anataka kuifungia rejeta ya gari dogo. Nikubali? – Mkulima, Ifakara

Jibu: Usikubali bado. Injini nyingi za pawatila hazina pampu ya maji. Maji ya moto hupanda yenyewe, yakipoa hushuka. Rejeta ya gari ikikaa chini kuliko kichwa cha silinda, mzunguko huo unakufa.

Mulika tochi kwenye mapezi ya rejeta uliyonayo. Naona utakuta pumba za mavuno na tope kavu. Yaoshe mapezi kwa maji ya taratibu. Mkanda wa feni ukibonyezwa ushuke kama sentimita 1. Jaza maji ya mvua, si ya mto Lumemo yenye tope.

Ikiwa injini yako ni ya tangi la wazi badala ya rejeta, kufuka mvuke ni kawaida yake. Boya la tangi likishuka, ongeza maji.