Klachi Inayozama Hadi Sakafuni

Swali: Klachi ya pikapu yangu, Toyota Hilux ya 1988, huzama hadi sakafuni, na gia hazikubali kuingia ila niikanyage mara kadhaa. Je, nishushe giaboksi?

Jibu: La, hasha! Klachi irudiayo nguvu kwa kukanyagwa mfululizo aghalabu yadhihirisha kwamba ama upepo umeingia katika mfumo wa oili, ama mipira ya masta ya juu au ya chini imekwisha, na kushusha giaboksi kabla ya kuhakikisha hayo ni israfu. Tazama chini ya dashibodi, pale ufito wa pedali uingiapo katika masta ya juu, kisha ufunue kifuniko cha mpira cha masta ya chini: palipolowa ndipo penye ila. Pakiwa pakavu pote, wala oili haipungui, masta ya juu yavuja ndani kwa ndani, na kheri uibadili nzima. Halafu tia oili ya breki, DOT 3. Ya injini abadan usiitie, maana huvimbisha mipira. Mwenzio akanyage na kushikilia, nawe ulegeze nati ya kutolea upepo, uikaze kabla hajaachia, hivyo hivyo mpaka mapovu yaishe.