Kiwiko chauma? Utazame mpira unaoupiga

Je, msomaji, wewe ni mmoja wa wale ambao hucheza gofu Jumamosi, na ifikapo Jumatatu huona tabu kuinua kikombe cha chai kwa mkono wa kulia? Basi kabla hujatoa pesa kununua fimbo mpya, toa mpira mfukoni uutazame.

Kila mpira halali wa gofu hauzidi gramu 45.93 kwa uzito, na kipenyo chake hakipungui milimita 42.67. Ndiyo sababu dukani yote huonekana sawa. Tofauti imo ndani na kwenye ganda. Kiini kikiwa laini, mpira hubonyea zaidi unapopigwa. Kikiwa kigumu, hubonyea kidogo. Watengenezaji hupima ugumu huo kwa nambari: mipira laini sana huwa chini ya 50, na migumu hukaribia 100 au kupita hapo. (Zamani kampuni kadhaa ziliandika nambari nyeusi kwa mpira wa 100 na nyekundu kwa wa 90. Siku hizi nambari hiyo ni ya kukusaidia tu kuutambua mpira wako.)

Wengi huamini kwamba mwenye pigo la polepole akitumia mpira laini ataupeleka mbali zaidi. Sivyo. Kwa mtu kama huyo, tofauti ya umbali kati ya mpira laini na mgumu ni yadi chache tu. Faida ya mpira laini ni kwamba mikono huhisi mshtuko mdogo, na kwa mchezaji aliyepita miaka 50 hilo si jambo dogo.

Ganda ndilo la kuangaliwa zaidi. Ganda la yurethani huuzungusha mpira sana, hata ukianguka karibu na shimo hutulia upesi. Lakini ni ghali. Mpira wa vipande viwili wenye ganda gumu ni wa bei nafuu, hauchubuki haraka na hauzunguki sana. Ikiwa mpira wako hupinda kulia kama ndizi na kupotelea vichakani, huo wa pili ndio wako. Mabingwa unaowaona kwenye televisheni hawalipii mipira yao; usiwaige.

Ujaribu vipi? Chukua aina tatu. Anza umbali wa yadi 50 kutoka kwenye shimo, upige kila aina mara kadhaa na utazame unavyotua. Kisha rudi nyuma pole pole. Aina ya kuuanza mchezo kwa fimbo ndefu ichague mwisho. Ufanyie jaribio hilo katika uwanja unaouchezea: Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira huenda mbali kuliko Mombasa. Asubuhi ya baridi kule Limuru, mpira ule ule huwa mgumu mkononi na huruka kwa uvivu. Na ile inayookotwa bwawani na kuuzwa kando ya ua? Iliyokaa majini muda mrefu hupoteza nguvu zake. Ni ya mazoezi tu.

Hata hivyo, usidanganyike kwamba mpira laini ni dawa. Fimbo na mpira hugusana kwa karibu sehemu moja kwa elfu mbili ya sekunde. Kinachochosha kano za kiwiko, hasa upande wa ndani, ni kuchimba ardhi kabla ya kuugusa mpira, kupiga mamia ya mipira juu ya mkeka mgumu, na kuikaba fimbo kana kwamba ni nyoka. Legeza vidole. Nyoosha mikono na mgongo kwa dakika kumi kabla ya pigo la kwanza. Na ikiwa kiwiko chauma hata unapofungua mlango au kukamua nguo, na wiki mbili za kupumzika hazijasaidia, mwone daktari.