JENERETA YA KAMBINI NA MZIGO WAKE

Kila msimu unapokaribia twaulizwa swali moja: jenereta gani ndogo yafaa kununuliwa kwa ajili ya kambi? Mashamba mengi yako mbali na nguzo za umeme, na kazi ya kuchambua huendelea usiku baada ya wachumaji kurudi. Taa hazina budi ziwepo, na siku hizi wengi wetu twataka na friza ya kuwekea samaki. Twapenda kulieleza jambo hili, maana sisi wenyewe tulikosea kabla ya kujua.

Msimu mmoja tulichanga fedha tukanunua mashine ndogo ya petroli. Sandukuni iliandikwa wati 950. Kibao cha friza yetu kilisema wati 150, na taa zote kumi hazikuzidi wati 100. Tukaona akiba ni tele. Usiku wa kwanza taa ziliwaka vizuri. Tulipochomeka friza, mashine ikaguna, taa zikafifia, kisha kila kitu kikazima. Tulijaribu mara nne. Siku ya pili samaki wakatupwa, kitoweo cha watu ishirini, na wachumaji sita wakahamia shamba la jirani. Muuzaji tulimlaumu sana, lakini kosa lilikuwa la hesabu yetu.

Taa hutaka nguvu ile ile tangu inapowashwa mpaka inapozimwa. Lakini chombo chenye mota, kama friza, pampu ya maji au kiyoyozi, huanza kwa kuvuta nguvu mara tatu, nne, hata sita kuliko ile kinayotumia kikisha kuzunguka. Ni kama gari la ng'ombe lililojaa magunia: kazi ni kulitoa pale liliposimama, likisha kwenda, ng'ombe hutembea tu. Kibao cha friza hutaja nguvu ya mwendo. Yetu yaelekea ilitaka wati 800 au 900 kwa muda mfupi wa kuanza, juu ya wati 100 za taa.

Na jenereta nayo ina namba mbili. Ile kubwa iliyopambwa sandukuni ni nguvu ya juu kabisa, nayo haidumu. Ya kuaminiwa ni nguvu ya daima, ambayo kwenye kibao cha chuma huandikwa kwa neno la Kiingereza "rated". Ya mashine yetu ilikuwa wati 650 tu! Basi jumlisheni wati za vyombo vyote vitakavyowaka pamoja, kisha ile mota kubwa kuliko zote ihesabiwe kwa nguvu yake ya kuanza. Kwa taa na friza moja, mashine ya daima ya wati 1,500 mpaka 2,000 yatosha. Pampu na friza zisiwashwe kwa wakati mmoja. Na dukani msione haya: pelekeni friza yenu, ichomekwe mbele yenu. Muuzaji akikataa, nendeni duka la pili.

Mwanachama mmoja alituuliza kama mashine ya namna hiyo yaweza kuendesha kiyoyozi cha chumba cha baba yake mgonjwa, umeme ukatikapo wakati wa joto la kaskazi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hutumia kiasi cha wati 1,200 kikiwa katika mwendo, lakini cha namna ya zamani huweza kutaka wati 3,500 na zaidi kuanza. Kile cha inveta huanza polepole, nacho ndicho twakipendelea. Wamarekani wanaosafiri na nyumba za magurudumu hupata taabu hiyo hiyo. Wengi hufunga kifaa kidogo cha kulainisha mwanzo wa mota, ndipo jenereta ya kilowati mbili ikaweza. Ila mashine za kwao ni za volti 120, na zetu ni 230; msiletewe zawadi bila ya kuuliza.

Petroli nayo ihesabiwe. Mashine ya kilowati mbili yenye mzigo mkubwa hula karibu lita moja kwa saa, na dumu la petroli lisikae penye majamvi wala karibu na jiko. Mashine ikiwa ya moto isitiwe mafuta. Izimwe, ipoe kwanza.

Lililobaki ndilo zito. Mvua ikinyesha usiku, mtu huivuta mashine ndani ya banda isilowe, au huiweka barazani kwa kuogopa wezi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, nayo humuua aliyelala bila ya kumwamsha. Kufungua dirisha hakutoshi. Mashine ikae nje, mita sita au zaidi kutoka mlangoni na madirishani, upande ambao upepo hauleti moshi kwa watu, na ijengewe paa dogo la bati lililo wazi pande zote. Ikiogopwa kuibiwa, ifungwe kwa mnyororo kwenye mti. Mtu akilalamika kichwa kumgonga, kizunguzungu au kichefuchefu huku mashine inanguruma, watu wote watolewe nje kwanza, ndipo izimwe; na mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo, hata akisema amepona.