Ukishushwa Kitogani na Safari Yako ni ya Makunduchi

Gari ya shamba ya Unguja yenye namba 310 imepewa njia ya Makunduchi, na njia hiyo haiishii Kitogani wala Muyuni. Lakini abiria wa saa za magharibi wanayajua: watu wakishapungua ndani, utingo husema mafuta hayatoshi, au gari imeharibika, au "kuna nyengine inakuja nyuma". Dereva anawaza hesabu ya tajiri mwenye gari na safari ya kurudi mjini gari tupu. Shida yake ni ya kweli. Hata hivyo si haki mama mwenye mtoto mgongoni ailipe kwa kuachwa gizani.

Kabla hujapanda, muulize utingo kwa sauti: "Mnafika Makunduchi mwisho?" Jibu walilolisikia wengine halikanushiki kwa urahisi. Nauli itoe ukikaribia kushuka. Namba ya usajili, ile inayoanza na Z, iandike kwenye simu mapema, kungali mwanga.

Wakitaka kukufaulisheni kwenye gari nyengine, msishuke kimya kimya. Kama mmeshatoa nauli, utingo wa kwanza amlipe wa pili mbele yenu, ndipo mteremshe mizigo. Kama gari ya pili haijafika, kaeni ndani mpaka ije. Na ile iliyodaiwa kuharibika ikigeuza kurudi mjini, basi haikuwa mbovu. Litajeni hilo mnapolalamika.

Umeshaachwa Kitogani? Namba 326 ya Kizimkazi itakusogeza kusini kwa sehemu kubwa ya njia yako. Namba 309 ya Jambiani na 324 ya Bwejuu hukata kwenda Paje, kwa hiyo usizidandie kwa haraka ya kuondoka tu.

Wanaoumia zaidi ni wanafunzi. Nauli yao ni ndogo, basi gari huwapita kituoni kama haikuwaona, nao huchelewa skuli. Mtoto peke yake hawezi kugombana na utingo. Mtu mzima asimame nao asubuhi, asimamishe gari, na zinazopita azinukuu namba.

Malalamiko mpelekee askari wa usalama barabarani, na sheha pia ajue, hasa gari ikiwa ni ile ile kila mara. Ukisema tu kwamba gari za Makunduchi zinasumbua, askari hana pa kuanzia. Mpe namba ya gari, saa, mahali mliposhushwa, nauli mliyotoa na maneno ya utingo, pamoja na majina ya abiria wawili au watatu walio tayari kuthibitisha.