Panya, Popo na Mzoga: Kijitabu cha Familia Zinazoishi Jirani na Pori

Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu walianza kufika zahanati wakiwa na homa kali, kichwa kinagonga, mwili hauna nguvu, wengine damu inawatoka puani. Walipimwa Ebola, Marburg na Uviko, wakaonekana hawana. Baadaye maabara ikabaini ni homa ya mgunda. Waliougua walikuwa 20, na 3 kati yao walifariki.

Mgunda ni shamba, na jina hilo halikukosea. Vijidudu vya ugonjwa huu huishi kwenye figo za panya na wanyama wengine wa porini na wa kufugwa, hutoka na mkojo, kisha hukaa kwenye maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu. Mkulima anaingia jarubani miguu mitupu, kidole kina mkwaruzo wa jembe wa juzi, vijidudu vinapata mlango. Panya hahitaji kukuuma wala wewe huhitaji kumwona.

Kwa hiyo vaa gambuti unapoingia kwenye maji ya shamba, na kama una kidonda kifunike vizuri kwanza. Usiwaache watoto waogelee kwenye madimbwi ya mvua. Nyumbani, weka mahindi kwenye kihenge kilichoinuliwa na chenye mfuniko, funika ndoo ya maji na sufuria ya ugali uliobaki. Ukikuta mavi ya panya stoo, usifagie yakiwa makavu, maana vumbi lake utalivuta puani. Yamwagie maji ya sabuni au ya jiki, subiri kidogo, ndipo uyafute. Homa ya mgunda inatibika kwa dawa za kuua bakteria, na inatibika vizuri zaidi ukiwahi.

Pera lililoanguka usiku

Asubuhi chini ya mpera, litazame pera lililoanguka kabla mtoto hajaliokota. Upande mmoja umechimbwa, alama za meno zinaonekana, na nyama yake imelowa mate. Mtoto atalifuta kwa shati na kulila. Hilo ni tunda la popo, na halifai kuliwa hata likioshwa au kumenywa. Lizike au lichome. Mfundishe mtoto kuchuma tunda zima mtini na kuliosha.

Tunasisitiza hivi kwa sababu ya Marburg. Ilitangazwa Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, tarehe 21 Machi 2023: wagonjwa 9, vifo 6, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwa waliofariki. Januari 2025 ikatangazwa tena katika mkoa huohuo, safari hii Biharamulo, ikaua watu 10. Virusi vyake huishi ndani ya aina ya popo wa matunda wanaolala mapangoni, na popo mwenyewe haumwi. Vijana wanaoingia mapangoni kuchota mbolea ya popo, kuchimba madini au kutafuta popo wa kula wanajiweka hatarini kuliko mtu mwingine yeyote kijijini.

Wengine watasema, basi tuwachome popo wote. Wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, nchini Uganda, waliugua Marburg mwaka 2007, na popo wa mgodi ule wakaangamizwa. Baada ya miaka michache popo walirudi, na walipopimwa, sehemu yao yenye virusi ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena kwa watu katika eneo hilo. Waacheni popo pangoni, nanyi msiingie.

Nyama isiyochinjwa

Nyumbu au swala aliyekutwa amekufa ni kishawishi kikubwa kwa nyumba yenye njaa, na hatutaki kumlaumu mtu. Lakini mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani au nyuma, huenda ameuawa na kimeta. Ukimpasua, unamwaga vijidudu vinavyoweza kukaa ardhini kwa miaka mingi, na ng'ombe wako watakuja kula majani hapohapo. Anayemchuna anaweza kutokwa na kipele kinachogeuka kidonda cheusi katikati, kisichouma sana, ndiyo maana wengi hukidharau. Usitegemee kuchemsha nyama. Usimguse mzoga, fukuza mbwa, mwite afisa mifugo au askari wa wanyamapori.

Akikuuma

Mbwa, mbweha, fisi, nyani: osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kibuyu chirizi kinatosha. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo, na urudi kila tarehe utakayopangiwa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Ukifika kwa tabibu

Magonjwa mengi tuliyoyataja huanza kama malaria, na hapo ndipo familia nyingi hupoteza siku. Pimwa malaria, lakini usiishie hapo. Sema wazi: "Nina homa siku ya tatu. Wiki mbili zilizopita niliingia pangoni," au "nilichuna swala." Marburg inaweza kuchukua hadi siku 21 kujitokeza, hivyo rudisha kumbukumbu nyuma wiki 3 nzima. Kama mnyama yule aliwindwa bila kibali, sema hivyohivyo. Tabibu anatafuta ugonjwa, na asipoambiwa hatajua apime nini.

Mgonjwa anayetapika, kuharisha au kutokwa damu asihudumiwe kwa mikono mitupu. Piga 199, simu ya bure ya Wizara ya Afya. Na akifariki nyumbani, msimwoshe wala msimkumbatie. Tunajua uzito wa neno hili kwa mtoto anayemzika mama yake. Wataalamu watakuja na mavazi yao, nanyi mtasimama pembeni mkimwombea hadi azikwe.